Kabureta inapomwaga petroli: kutafuta ugonjwa wa floti kwenye gari la zamani

Nyumba nyingi za mjini Unguja zina tangi la maji juu ya paa, na ndani ya tangi kuna boya. Maji yakija usiku wa manane tangi linajaa, boya linapanda, maji yanajifunga yenyewe, nawe umelala zako. Siku boya likikwama, jirani ndiye wa mwanzo kujua: maji yanateremka ukutani kwake, na alfajiri unagongewa mlango. Kabureta ya gari la zamani, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia injini, ina tangi kama hilo hilo, ila dogo, halizidi sana kikombe cha kahawa ya barazani, na kinachomwagika si maji.

Gari langu ni Morris Minor 1000 la injini ya cc 1098, lenye kabureta moja ya SU aina ya HS2. Kwa miezi miwili lilikuwa likinuka petroli kila nikiliegesha Kikwajuni, likizima kwenye sailensi, yaani likinguruma bila kukanyagwa mafuta, na plagi zikitoka nyeusi kama masizi ya chungu. Nikalipeleka gereji. Fundi akafungua kifuniko cha kabureta, akaukunja mkono wa floti, yaani boya la kabureta, kwa koleo, akafunga. Siku tatu nzuri, ya nne harufu ikarudi. Akakunja tena. Mwisho gari likawa linakosa mafuta likikimbia na linamwaga mafuta likisimama, maradhi mawili ambayo kwa akili ya kawaida hayakai nyumba moja.

Ami yangu, fundi wa malori ya Bedford enzi zake, alikuja akasimama kando ya boneti iliyo wazi, mikono nyuma, hakugusa kitu. Akaniambia, "Fungua swichi tu, injini usiiwashe. Sasa nyamaza, mwanangu, sikiliza."

Pampu ilianza: tik-tik-tik-tik. Kisha tik, tik. Kisha, badala ya kunyamaza, ikaendelea: tik... tik... tik... kila baada ya sekunde mbili tatu. Injini imezimwa, hakuna anayekunywa, na pampu bado inamimina. Basi petroli ilikuwa inakwenda wapi?

Swali hilo hakuna aliyeliuliza kwa miezi miwili, na ndilo lililoupanga mwongozo huu. Mkono wa floti hukunjwa mwisho kabisa, baada ya pampu, uchafu, vali na floti yenyewe kuthibitika kuwa vizima. Mara nyingi ukifika huko huna tena haja ya kuukunja.

Kinachofanyika ndani ya kikombe

Petroli hutoka tenki la nyuma, inavutwa na pampu, inaingia kwenye kifuniko cha kikombe cha floti. Pale pa kuingilia pana vali ndogo: sindano fupi yenye ncha ya mchongoko inayokaa ndani ya kiti cha shaba. Floti inaelea juu ya petroli. Petroli ikipanda, floti inapanda nayo, mkono wake unaisukuma sindano juu, mlango unafungwa. Injini ikinywa, floti inashuka, mlango unafunguka kidogo. Mchezo huu unakwenda bila kupumzika gari likiwa barabarani, ndiyo maana sindano na kiti chake huchakaa hata kwenye gari lililotunzwa.

Kwenye HS2 kuna kibomba cha nailoni kinachotoka chini ya kikombe hadi kwenye jeti, kijibomba kinachotoa petroli kwenye njia ya hewa. Vyombo viwili vilivyounganishwa chini vina kimo kimoja cha maji, kama tulivyofundishwa skuli. Kwa hiyo kimo cha petroli ndani ya kikombe ndicho kimo chake ndani ya jeti. Kikizidi, petroli inachuruzika yenyewe kooni mwa kabureta bila kuvutwa na hewa, na injini inalishwa kupita kiasi. Kikipungua, hewa inapata taabu kuivuta, na injini inabaki na njaa pale inapohitaji nguvu. Tofauti ya milimita mbili tatu inatosha kuharibu safari.

Juu ya kifuniko kuna kibomba chembamba kinachoelekea chini kando ya injini. Hicho ndicho njia ya dharura. Vali ikishindwa kufunga, petroli inamwagikia humo. Wengi huona tone pale wakadhani mpira umelegea.

Moto kwanza

Kwenye injini ya Morris Minor, kabureta na manifodi ya moshi, bomba la chuma linalotoa moshi kwenye injini, viko upande mmoja, na kabureta imekaa juu. Petroli inayomwagika ina njia fupi sana ya kufikia chuma cha moto. Sisemi haya kutisha watu, nasema kwa sababu uani kwetu kuna seredani inayopikiwa mchana, na Ijumaa mtu anapita na chetezo cha udi nyumba nzima. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kulala kwenye vishimo vya sakafu, hauoni haya kumfuata mwenye chetezo.

Kwa hiyo fanya kazi nje, upande upepo unakopita, injini ikiwa baridi. Weka karibu mtungi wa kuzimia moto wa unga, au angalau ndoo ya mchanga mkavu. Petroli inayowaka usiimwagie maji, itaelea juu yake na kusambaa. Toa waya wa betri kabla ya kufungua kabureta na uurudishe tu pale hatua inapotaka pampu ifanye kazi. Taa iwe tochi, si balbu ya kuning'iniza. Na ukiwaambia watu wa nyumbani mapema kwamba leo hakuna kuwasha kitu karibu na gari, umeshamaliza nusu ya kazi.

Soma dalili kabla ya kuchukua bisibisi

Petroli ikizidi utaona moshi mweusi, harufu kali, plagi zenye masizi makavu, sailensi nzito inayotikisika, na gari lenye moto kukataa kuwaka mpaka ukanyage mafuta mpaka mwisho. Ukiona tone kwenye kile kibomba cha dharura, ushahidi umekamilika.

Petroli ikipungua, gari linatoka vizuri lakini ukilikaza barabara ya Bububu au ukipanda kuelekea Masingini linaanza kukata kata, linapiga chafya kupitia kabureta, kisha ukilegeza linapona. Hapa kuna jaribio lisilogharimu kitu: likianza kukata, vuta choki, ule mkono wa kuongeza petroli injini ikiwa baridi, kidogo. Likipata nguvu, lina njaa ya petroli. Likizidi kuwa bovu, tafuta kwengine.

Kuna wezi watatu wanaovaa nguo za floti, na lazima uwatoe mwanzo.

Wa kwanza ni choki. Kwenye SU, kuvuta choki kunaishusha jeti, na waya ukiwa na kutu jeti hairudi juu. Gari linakula mafuta, fundi anaanza kufungua kikombe, kumbe jeti imening'inia chini. Inama, iangalie kwa macho: ukirudisha choki, jeti inapanda mpaka mwisho? Ukiisukuma juu kwa kidole ikaenda zaidi, mwizi umempata.

Wa pili ni joto. Ukizima gari adhuhuri na injini ikawa inachemka, petroli ndani ya kikombe inaweza kutokota ikamwagikia kwenye jeti. Dakika kumi baadaye gari haliwaki, linanuka. Tofauti yake na ugonjwa wa floti ni kwamba asubuhi gari likiwa baridi halimwagi hata tone. Dawa yake ni kipande cha kukinga joto kati ya kabureta na manifodi, siyo kukunja chochote.

Wa tatu ni tenki lisilopumua. Kifuniko cha tenki kikiziba tundu lake la hewa, pampu inavuta mpaka inashindwa, na gari linakata baada ya maili kadhaa kama vile kikombe ni kitupu, kwa sababu kweli ni kitupu. Likikukatia njiani, fungua kifuniko cha tenki. Ukisikia hewa ikiingia kwa kufyonza, umeshajua.

Hatua ya kwanza: pampu

Fungua swichi, usiwashe injini. Pampu ya umeme ya SU, ambayo kwenye Minor imefungwa ndani ya boneti, itagonga haraka huku ikijaza kikombe, kisha itapunguza, kisha itanyamaza. Ikinyamaza kabisa, vali ya floti inafunga, na ugonjwa wako wa kuzidi mafuta huenda uko kwenye kimo au kwenye jeti. Ikiendelea kugonga polepole, petroli inapita mahali.

Sasa tenganisha. Toa waya wa betri, chomoa mpira unaoingia kwenye kifuniko cha kabureta, uzibe mdomo wake kwa bolti safi inayokaza na klipu, rudisha waya, fungua swichi tena. Pampu ikinyamaza, pampu ni nzima na kosa liko ndani ya kabureta. Ikiendelea kugonga na hakuna kinachovuja nje, basi vali za pampu yenyewe zinarudisha petroli nyuma, au inavuta hewa kwenye kiungo cha upande wa tenki. Usiubane mpira kwa koleo ili kufanya jaribio hili. Mpira wa zamani unapasuka ndani bila kuonesha nje, na vipande vyake vinakwenda moja kwa moja kwenye vali.

Kisha pima wingi. Elekeza mpira kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, mwambie mwenzako afungue swichi, hesabu dakika moja. Pampu nzima ya aina hii inatoa takriban nusu lita. Ikitoa robo, usiendelee na kabureta. Rudi nyuma kwenye chujio la pampu, mipira, na mdomo wa kunyonyea ndani ya tenki.

Na presha? Hapa ndipo pananiudhi. Pampu ya SU ikichoka, dukani unapewa pampu ndogo ya umeme ya gari la Kijapani, inafungwa kwa waya na gari linawaka. Nyingi kati ya pampu hizo zinasukuma paundi nne hadi sita kwa inchi ya mraba. Kabureta ya SU ilitengenezwa kwa presha ndogo, kama paundi moja na nusu hadi mbili na nusu. Floti ni kitu chepesi. Haiwezi kuuzuia mlango unaosukumwa kwa nguvu mara mbili ya ile iliyokusudiwa. Vali inaonekana mbovu, unanunua mpya, inavuja vile vile. Kama pampu yako si ya asili na kabureta ilianza kumwaga baada ya kuifunga, tia kirekebisha presha kati yake na kabureta, au tafuta pampu ya presha ndogo. Hakuna kiasi cha kukunja kitakachotibu hilo.

Hatua ya pili: chupa

Usiimwage ile petroli uliyoipima. Iweke chupa juani, mbali na moto, dakika kumi, kisha iangalie kwa upande. Maji yatakaa chini kama shanga za kioo zinazoviringika. Kutu itakaa kama unga wa mdalasini. Vipande vyeusi vinavyoelea au kuzama taratibu ni ngozi ya ndani ya mpira.

Kisiwani petu hewa ina chumvi na unyevu, na gari linaloegeshwa wakati wa masika tenki likiwa nusu linatoa jasho kwa ndani. Ongeza petroli iliyokaa kwenye madumu, na usishangae. Ukikuta kutu nyingi, tenki lisafishwe kwanza, kwa sababu utaosha kabureta leo na wiki ijayo utaiosha tena. Ukikuta vipande vyeusi, badilisha mipira yote ya petroli, siyo ule mmoja unaouona vibaya.

Weka chujio kati ya pampu na kabureta, la aina ya kioo au plastiki inayoonesha ndani. Lisikae juu ya manifodi.

Hatua ya tatu: fungua, lakini angalia kabla ya kugusa

Toa waya wa betri. Osha kabureta kwa nje kwa brashi, hasa kuzunguka kifuniko, maana mchanga ulioko juu ndio utakaoanguka ndani. Piga alama ndogo kwa kitu chenye ncha kwenye kifuniko na kwenye kikombe ili vikirudi vikae kama vilivyokuwa. Ukisahau, kibomba cha dharura kitaelekea pasipo pake.

Fungua skrubu tatu. Gasketi ikikamata, gonga kifuniko kwa mpini wa bisibisi, usichokonoe kwa ncha. Inua wima, polepole, floti inakuja nacho.

Sasa simama. Mulika ndani ya kikombe. Petroli imefika wapi? Chini kuna nini? Nilipofungua langu kulikuwa na tope jekundu la kutu la unene wa kucha, na ndani ya tope kulikuwa na punje nyeusi kama mbegu za papai zilizosagwa. Ningeliimwaga petroli haraka nisingeliona chochote. Nyonya petroli kwa bomba la sindano la hospitali, uichuje kwenye kitambaa cheupe, na hapo ndipo utakapojua gari limekuwa likila nini.

Hatua ya nne: vali ya sindano

Pini ya floti ina ncha moja yenye michirizi. Shika ncha hiyo kwa koleo dogo na uivute. Ukivuta upande mwengine utakwaruza tundu. Floti itatoka, na sindano itaanguka mkononi, kwa hiyo fanya hivyo juu ya sahani.

Chukua sindano, ielekeze kwenye mwanga, uizungushe. Mchongoko wake uwe laini mzima. Ukiona duara, mstari mwembamba kama pete uliochimbika pale inapokutana na kiti, imekwisha. Kucha ya kidole gumba ndiyo kipimo bora: ipitishe taratibu juu ya mchongoko, kucha ikikwama hata kidogo, tupa. Sindano zenye ncha ya mpira mweusi huwa ngumu zikizeeka na huacha alama hiyo hiyo. Usijaribu kuisugua kwa sandipepa ya namba yoyote. Sindano na kiti huuzwa pamoja na hubadilishwa pamoja, kwani vimechakaa kwa kutazamana.

Kama inaonekana nzima, ijaribu. Rudisha sindano na floti, geuza kifuniko juu chini ili uzito wa floti peke yake uifunge vali, kisha tia mpira safi kwenye mdomo wa kuingilia na upulize kwa mdomo. Hewa isipite. Kisha fyonza na uguse mpira kwa ulimi: ukining'inia kwenye ulimi bila kuachia, vali ni nzima. Nukia mpira kwanza, usiufyonze wenye petroli. Geuza kifuniko sawa, floti ikianguka, na hewa ipite bila kizuizi.

Kwenye langu hewa ilipita. Nikatoa sindano nikamulika ndani ya kiti kwa tochi, na pale, imebanwa ukingoni, kulikuwa na punje moja ya mpira isiyozidi kichwa cha kibiriti kilichokatwa nusu. Vali haikuwa ikifunga kwa sababu ilikuwa imetegewa kabari. Lakini sindano nayo ilikuwa na pete, pengine kwa kuipigia kabari ile kila siku, nikaibadilisha pamoja na kiti. Kiti kina washa yake. Usiipoteze na usitie mbili: washa ikizidi unene, kiti kinashuka, vali inafunga mapema, na kimo cha petroli kinapungua.

Hatua ya tano: floti

Itikise karibu na sikio. Ukisikia kitu kinacheza ndani, petroli imeingia, floti imekuwa nzito, haielei inavyotakiwa, na kimo kinapanda mpaka kinamwagika.

Ya shaba isiyosikika kitu izamishe kwenye maji ya moto, si yanayochemka. Hewa ya ndani itatanuka, na ukiona mapovu mfululizo kutoka sehemu moja umepata tundu. Watu huziba kwa lehemu, na inawezekana, lakini petroli ya ndani lazima itoke yote kabla ya chuma cha moto kukaribia, na kila tone la lehemu ni uzito ulioongeza. Floti iliyotiwa lehemu nyingi inakaa chini zaidi kwenye petroli, basi kimo kitakuwa juu kuliko mwanzo hata kama mwanya umeupima sawasawa. Mimi sioni faida yake. Floti za nailoni za HS2 bado zinatengenezwa, na kifurushi chake ni chepesi kwa yeyote anayekuja kutoka Dar au Ulaya.

Ya nailoni haizibiki. Ikipasuka, mpya.

Angalia pia pini na tundu zake. Pini iliyolika inaiacha floti iyumbe na kugusa ukuta wa kikombe. Ukikuta mkwaruzo unaong'aa upande mmoja wa floti, ndiyo sababu ya gari linalomwaga siku moja na kutomwaga siku ya pili.

Hatua ya sita: mwanya, na kukunja kama lazima

Sasa vali inafunga, floti inaelea, pini haichezi. Hapo tu ndipo kipimo kina maana.

Weka kifuniko juu chini mezani, gasketi imetolewa. Floti ilalie sindano kwa uzito wake. Usiikandamize kwa kidole, kwani sindano nyingi za sasa zina springi ndogo ndani, ukiibana unapima springi, siyo kimo. Mwanya kati ya floti na ukingo wa kifuniko kwenye HS2 uwe kati ya milimita 3.2 na 4.8, yaani moja ya nane hadi tatu ya kumi na sita ya inchi. Huna haja ya kifaa maalumu. Chukua biti ya keekee ya milimita 4, tumia upande wake laini usio na meno, ipitishe kati ya floti na kifuniko. Ipite ikigusa kidogo bila kuinyanyua floti.

Kumbuka kwamba umekigeuza kifuniko, maana wengi huchanganya hapa: mwanya ukiwa mdogo, petroli inapanda juu zaidi kabla ya vali kufunga. Mwanya ukiwa mkubwa, vali inafunga mapema na kimo kinakuwa chini. Mwanya wa gari langu, baada ya mikunjo ile yote ya gereji, ulikuwa zaidi ya milimita 8. Fundi alikuwa akishusha kimo ili kuzuia kumwagika, na punje ya mpira haikujali. Hivyo ndivyo gari lilivyokosa mafuta likikimbia na kumwaga likisimama.

Kama mkono ni wa chuma, ukunje pale ulipoanza kupinda, ukiushikilia kwa koleo mbili ili nguvu isifike kwenye sindano wala kwenye pini. Sehemu inayoigusa sindano ibaki bapa. Kunja kidogo, pima, kunja tena. Floti ambayo mkono wake ni nailoni haikunjwi kabisa. Hiyo hurekebishwa kwa unene wa washa chini ya kiti.

Kabureta za Solex za Volkswagen Beetle hufuata njia hiyo hiyo ya washa: nene hushusha kimo, nyembamba hupandisha. Wenye Datsun 1200 na Corolla za zamani wamepata bahati, kwani kabureta zao za Hitachi na Aisan zina kidirisha cha kioo kwenye kikombe na alama ya kimo. Jamaa yangu mmoja wa Wete alikuwa akiniuliza kila wiki kwa simu apime vipi, mpaka nikamwambia afute grisi mbele ya kabureta yake. Kioo kilikuwepo siku zote. Na aliyewahi kumiliki Vespa anaijua habari hii tangu ujana: ukisahau kufunga koki usiku na vali imechoka, asubuhi unapiga teke mpaka jasho.

Hatua ya saba: thibitisha

Osha kikombe, puliza kile kibomba cha nailoni cha kwenda kwenye jeti, weka gasketi mpya, fuata alama yako, kaza skrubu tatu kwa zamu bila kutumia nguvu za mkulima. Kifuniko kikipinda hakitanyooka.

Kabla ya kuwasha injini, toa kichwa cha kabureta na pistoni yake (si zile za injini), ukiwa umepiga alama hapo pia. Sindano ndefu ya pistoni isiguse kitu, isimamishe pistoni mdomoni mwa chupa na sindano ikining'inia ndani. Vuta choki ili jeti ishuke, rudisha betri, fungua swichi, na umulike kooni. Utaiona petroli ndani ya jeti. Itapanda, kisha isimame chini ya daraja la kabureta, ile sehemu ya koo ilipo jeti, itulie kama maji ya kisima. Dakika tano baadaye iwe pale pale. Ikifurika juu ya daraja, kimo bado kiko juu au vali haijafunga, na hakuna haja ya kuwasha injini ili kulijua hilo.

Kabla ya kuwasha, vuta kijiti cha oili na ukinuse. Gari lililomwaga petroli kwa wiki kadhaa limeichanganya na oili, na kimo cha oili kinaweza kuwa kimepanda badala ya kushuka. Oili yenye harufu ya petroli haina kazi kwenye beringi. Imwage, tia mpya. Mimi nilitaka kuahirisha, ami yangu akaniangalia tu.

Mwisho ni mchanganyiko, kwa sababu aliyekutangulia karibu hakika ameuchezea ili kuficha ugonjwa. Injini ikishapata moto, inua pistoni ya kabureta kwa pini yake ndogo, chini ya milimita moja. Mzunguko ukipanda na kubaki juu, petroli imezidi, pandisha nati ya jeti kidogo kidogo. Ukizimika, petroli imepungua, shusha nati. Ukipanda punde kisha ukarudi mahali pake, acha.

Nilifunga kipande cha kanzu kuukuu, cheupe, chini ya kibomba cha dharura kwa muda wa wiki moja, kwani tone la petroli huacha duara la manjano hata likikauka. Siku ya saba nilikitoa kikiwa na vumbi la Kikwajuni na hakuna duara. Jioni ile nikafungua swichi kabla ya kuwasha, kwa mazoea. Tik-tik-tik-tik, tik, tik. Kisha nikamsikia muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake mwisho wa njia.